Bwana Kipimo na Matundu ya Safu ya Juu

Jamani, nyumba ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya kuonewa gere. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili wakikutana ndani yake lazima mmoja arudi kinyumenyume. Gere yenyewe ilitokana na asubuhi zake. Baba alikuwa akipiga pasi sare za mabinti zake mapacha, mama akiwasuka pembeni ya kitanda, na majirani wa upande wa pili wa ukuta waliamshwa na vicheko kabla ya saa zao kulia.

"Baba Pacha, hiyo pasi unapiga au unaibembeleza?"

"Nguo ni kama waya, mama watoto. Ukiifanyia pupa inakulipizia kisasi."

"Haya, watoto wakichelewa mwalimu atapiga simu ofisini."

"Kwani anayepokea simu ofisini si wewe? Utamtuliza."

Ni kweli, mume na mke walifanya kazi jengo moja, kwenye ofisi ya kusambaza dawa mahospitalini. Mume alikuwa fundi wa mtandao wa kompyuta. Wenzake walimbandika jina la Bwana Kipimo, kwa kuwa hakugusa waya bila kuupima kwanza kwa kile kifaa chake chenye vitaa, na ukimwambia jambo lolote, hata kwamba nje mvua inanyesha, alikujibu, "Tupime kwanza." Mke, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alikaa mapokezi akipokea simu na kuziunganisha. Namba ya kila meza ilikuwa kichwani mwake. Sauti yake ilikuwa na utulivu wa ajabu. Mfamasia aliyepiga simu akifoka alimaliza kwa kuomba radhi.

Walikuwa wakipendana, nawaambieni kweli. Asije mtu akasema baadaye kwamba ndoa ile ilikuwa imeshaoza. Ilikuwa nzima, ikaingiwa na mdudu.

Mdudu aliingia hivi. Ofisi ilipanuka, watu wakawa wanahamishwa meza kila wiki, na simu zikawa zinawafuata huku na kule. Meneja, mama mmoja ambaye hata chai aliinywa akitembea, akaajiri fundi simu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa unapoongea naye, kana kwamba kila unalomwambia ni siri. Na kwa kuwa Mama Pacha ndiye aliyejua simu ipi ni ya nani, alipewa kazi ya kumwelekeza.

Sasa, dada mkubwa wa Bwana Kipimo alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilitazamana na mlango wa ofisi ile. Alishona vizuri, sikatai. Tatizo ni kwamba macho yake nayo hayakujua kukaa bure. Jioni moja alipita kwa mdogo wake, akavua viatu, akajikalisha.

"Mdogo wangu, mimi sisemi kitu."

Ndugu zangu, mtu akianza na "mimi sisemi kitu", jiandaeni, maana atasema mpaka apaliwe.

"Sisemi kitu. Ila leo mchana nimemwona wifi yangu akitoka na yule fundi mpya. Kichwa kwa kichwa! Mtu anaongea na mwenzake mpaka mdomo unataka kuingia sikioni? Barabarani?"

"Dada, wale wana kazi pamoja."

"Ndiyo maana nikasema sisemi kitu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Bwana Kipimo alicheka. Lakini alipolala usingizi ulimpita kando, na kulipokucha alikwenda kazini akiwa na macho ambayo hakuwa nayo jana.

Nyuma ya ngazi za ofisi kulikuwa na chumba kidogo chenye kabati la chuma. Ndani ya kabati kulikuwa na paneli, yaani ubao wa chuma wenye safu za matundu madogo. Waya wa kila meza ulipita ukutani ukaishia nyuma ya tundu lake. Mbele ya tundu unachomeka waya mfupi: ukitaka meza ile ipate mtandao, unaliunganisha na swichi ya kompyuta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ukitaka ipate simu, unaliunganisha na mtambo wa simu. Safu ya juu Bwana Kipimo aliitenga kwa kompyuta, ya chini kwa simu. Chumba kile kilikuwa kama chumba chake cha pili cha kulala, alivyokipenda.

Asubuhi hiyo alipofungua mlango alimkuta mkewe amesimama ubavuni mwa fundi simu, upande wa kushoto, kiganja amekikinga mdomoni, midomo karibu na sikio la yule bwana. Walipomwona waliachana. Fundi simu akaanza kupekua begi lake la zana kama mtu aliyepoteza kitu.

"Baba Pacha! Umenishtua," mkewe alisema. "Tunajaribu simu za ghorofa ya pili."

"Jaribuni," alijibu.

Ilikuwa kweli wanajaribu simu. Lakini shuku ikishaingia, ukweli nao huonekana umevaa kinyago. Kwa nini mkono mdomoni? Kwa nini kuachana? Na mbona yule bwana hakumtazama usoni?

Mchana fundi simu alimfuata. Bwana Kipimo alikuwa amepiga goti mbele ya swichi, mgongo umeelekea mlangoni.

"Fundi mwenzangu, safu ya chini imejaa, na zimebaki simu za watu waliohamia vyumba vipya. Nizichomeke wapi?"

Bwana Kipimo hakugeuka. Alijiambia kwamba akigeuka atauona uso ule, na akiuona hajui atafanya nini. Akasema kwa sauti ya chini, meno kwa meno, "Ya juu usiguse. Ningoje nifunge paneli nyingine."

"Sawa, fundi. Ahsante," akajibu yule bwana, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi kompyuta zikaanza visa. Meza ya oda inapata mtandao, inakata, inapata tena. Karani anabonyeza kutuma oda ya hospitali, kiduara kinazunguka mpaka anasinzia. Bwana Kipimo alipima waya: mzima. Alibadilisha waya: mtandao unarudi, na baada ya chakula cha mchana umekwenda. Alipoubonyeza waya kwa kidole pale kwenye tundu, kitaa kiliwaka. Alipouachia, kikapepesa kama jicho la mtu mnafiki.

"Fundi, kompyuta yangu ina mashetani," akasema karani wa oda.

"Mashetani hayana ufunguo wa chumba changu," Bwana Kipimo alijibu, na yeye mwenyewe akashtuliwa na jibu lake. Ufunguo! Nani mwingine alikuwa na ufunguo kama si fundi simu?

Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akaitazama safu ya juu yote. Akaona. Katikati ya nyaya zake za kompyuta kulikuwa na nyaya za simu, zenye vile vichwa vyake vidogo vya plastiki, zimechomekwa hapa na pale, zikiwa zimekaa vizuri na kunasa, kama zimezaliwa mle. Baadhi ya matundu yalikuwa wazi, yameshatumika na kuachwa, kwa kuwa watu walikuwa wamehama tena, na mengine, likiwemo la meza ya oda, yalikuwa yamerudishiwa kompyuta.

Nilimkataza, aliwaza, na damu ikampanda. Nilimkataza kwa mdomo wangu, akasema sawa, akafanya. Huyu ananihujumu. Anataka ionekane siwezi kazi, niondoke, abaki yeye na kazi yangu na mke wangu.

Tazameni, wenzangu, shuku inavyojenga. Ilianza na mdomo na sikio, sasa imeshajenga ghorofa.

Nyumbani hali ikawa baridi. Mama Pacha alikuwa akipata ujumbe kwenye simu yake jioni, anausoma, anatabasamu kidogo, anaigeuza simu kifudifudi. Siku moja akiwa jikoni simu ikalia mlio wa ujumbe, na Bwana Kipimo akachungulia. Ulikuwa wa fundi simu. "Kesho tuwahi kabla watu hawajafika. Bila wewe ningeumbuka."

Aliirudisha simu mahali pake, akaketi, akaitazama runinga ambayo haikuwa imewashwa.

"Mbona umenyamaza hivyo?" mkewe aliuliza akifuta mikono.

"Kuna jambo lolote unataka kuniambia?"

Mama Pacha alisita. Alisita kweli, na hilo mumewe aliliona. "La kwangu mimi, hapana," akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na njia panda. Angesema tu, "Nimeona ujumbe, nieleze." Maneno yenyewe hata pumzi hayamalizi. Badala yake alikwenda kwa dada yake.

"Lisemwalo lipo," dada akasema, mkasi mkononi. "Usimwulize. Ukimwuliza atajipanga. Mnase mbele za watu, asipate pa kuponyokea."

Basi alianza kumvizia mkewe. Alijibanza nyuma ya mashine ya kunakili karatasi mpaka wafanyakazi wakadhani imeharibika. Alihesabu vicheko vyake. Aliona kwamba kila akitembea na fundi simu hukaa upande wa kushoto, hata njia ikiwa nyembamba huzunguka ili awe kushoto, na hilo likamtesa kuliko yote, kwa sababu hakuweza kulielewa. Mapacha nao waliacha kucheka asubuhi. Watoto husoma uso wa baba kabla ya kusoma kitabu.

Kilele kilikuja meneja alipoitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Oda zilikuwa zinapotea, hospitali zinalalamika, naye alitaka kujua kulikoni. Chumba kilijaa, wengine wakasimama ukutani.

"Fundi," meneja alisema, "tatizo la mtandao ni nini?"

Bwana Kipimo alisimama.

"Tatizo si mtandao, mama. Tatizo ni mtu. Kuna mtu anachomeka nyaya za simu kwenye matundu yangu ya kompyuta baada ya mimi kumkataza. Anafanya makusudi." Akanyoosha kidole. "Na msaidizi wake ni mke wangu."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Mama Pacha.

"Waulizeni," aliendelea, sauti ikimpanda, "huwa wananong'ona nini mle chumbani? Kwa nini wanakutana kabla watu hawajafika? Waulizeni!"

Mama Pacha alimtazama mumewe kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha akageuza macho kwa fundi simu, akatikisa kichwa kidogo, kana kwamba anamwambia, usiseme.

"Na wewe unasemaje?" meneja alimwuliza fundi simu.

Fundi simu alikuwa ameketi upande wa mbali. "Eh?" alisema.

Watu wengine wakacheka. Meneja akarudia swali, kwa ukali. Fundi simu akaukunja uso, akageuza kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto. Kisha akainuka taratibu.

"Mama meneja, samahani. Maneno mengine sijayapata, lakini kidole nimekiona kinaelekea wapi, na uso wa huyu mama nimeuona." Akavuta pumzi. "Mimi sikio langu la kulia limekufa. La kushoto linaelekea huko huko. Nilificha, maana nani atamwajiri fundi simu kiziwi? Mama Pacha aligundua siku ya kwanza. Tangu hapo ndiye anayenisikilizia kama simu ina mlio, ananiambia sikioni, upande unaosikia. Tunawahi asubuhi ili nijaribu simu bila kelele za watu. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mume wake. Ametunza amana. Hana kosa."

Mtu mwenye kipimo cha kweli angeketi chini wakati ule ule akaomba radhi. Lakini shuku haikosi jibu.

"Kisingizio," Bwana Kipimo alisema. "Nilipomkataza safu ya juu alisema sawa. Kiziwi gani anayejibu sawa?"

Meneja alifanya alivyoona ndivyo. Hakuweza, alisema, kuwa na fundi simu asiyesikia simu, wala hakuwa na muda wa ugomvi wa nyumba za watu. Fundi simu akaambiwa akusanye zana zake. Alizikusanya moja moja akizifuta kwa kitambaa, na hakuna aliyemsaidia kubeba begi isipokuwa Mama Pacha, ambaye jioni hiyo hiyo aliacha kazi.

Nyumbani Bwana Kipimo alimkuta mkewe ameshafunga mizigo. Mapacha walikuwa wamevaa viatu, wameketi juu ya sanduku.

"Unakwenda wapi?" Bwana Kipimo alimwuliza mkewe.

"Kwa shangazi."

"Mama watoto, kama ungeniambia tangu mwanzo..."

"Siri ya mtu si mali yangu nikugawie. Lakini ungeniuliza, 'Mke wangu, mbona unamnong'oneza yule?' ningekuambia kuna sababu, ila si yangu kusema, niamini. Wewe hukuniuliza. Ulinishtaki." Akanyanyua sanduku. "Mbele ya watu ambao kesho nitakutana nao sokoni."

Mlango ukafungwa taratibu. Afadhali angeubamiza.

Mnadhani mambo ya ofisini yalitulia? Bwana Kipimo aling'oa nyaya zote za simu kutoka safu ya juu, akarudisha kompyuta kwenye matundu yale kwa fahari, kama mtu aliyekomboa shamba lake. Adui alikuwa ameondoka. Na ugonjwa ukazidi! Meza zilizokuwa nzima zikaanza kukata. Oda zikaganda katikati ya safari. Mapokezi nako aliwekwa binti mgeni ambaye hakujua namba ya nani ni ipi, hata mtu akipiga kuulizia dawa aliunganishwa na chumba cha madereva.

Asubuhi moja daktari wa hospitali moja alikuja mwenyewe, bado amevaa koti lake jeupe la kazi.

"Tumeagiza dawa ya usingizi ya upasuaji tangu wiki iliyopita," alisema. Hakupaza sauti. "Kompyuta yetu inasema oda imetumwa. Tunapiga simu, tunapokewa na mtu anayetuuliza habari za gari. Nina mama mmoja ameshapelekwa chumba cha upasuaji na kurudishwa wodini, na tena kesho yake hivyo hivyo. Ananiuliza, 'Daktari, ni kwamba sifai kupona?' Nimwambieje?"

Karani alikimbilia ghala, dawa ikakabidhiwa mikononi mwa daktari. Yule mama, namshukuru Mungu, alifanyiwa upasuaji na akapona. Lakini Bwana Kipimo hakuweza kuyatoa yale maneno masikioni. Alikwenda kwenye kabati lake, akajifungia. Hakukuwa na fundi simu wa kumlaumu. Hakukuwa na mke wa kumvizia. Kulikuwa na yeye na chuma.

Akafungua skrubu, akaitoa paneli nzima, akaibeba hadi dirishani penye jua, akainamisha jicho kwenye tundu la kwanza la safu ya juu.

Ndani ya tundu la kompyuta mna meno manane membamba ya shaba, yamejipanga kama ya chanuo. Kila jino hugusa waya wake. Katika tundu lile meno ya katikati yalikuwa yamesimama. Yale mawili ya pembeni, la kwanza na la mwisho, yalikuwa yamelala, yamebonyea kwa ndani kama majani yaliyokanyagwa. Akatazama la pili: vivyo hivyo. Akafika kwenye tundu ambalo halikuwahi kuguswa na simu: meno yote wima.

Akaokota kichwa cha waya wa simu sakafuni, akakichomeka polepole akitazama. Kile kichwa ni chembamba kuliko tundu, ndiyo maana kinaingia bila ubishi. Lakini kina shaba katikati tu. Pembeni ni plastiki tupu, na plastiki ile ndiyo iliyoyasukuma meno ya pembeni yakalala. Simu haikuyahitaji meno yale, kwa hiyo ililia vizuri. Kompyuta iliyofuata kwenye tundu lile iliyahitaji, ikayakuta yamelala. Mara yanagusa, mara hayagusi.

Hakukuwa na hujuma. Kulikuwa na kichwa kisichofaa kwenye tundu lisilokuwa lake, na mtu aliyekichomeka kwa kuwa hakusikia. Na yeye mwenyewe, alipokuwa aking'oa na kurudisha kompyuta kwa fahari, ndiye aliyeyajaza matundu mabovu kwa meza zilizokuwa nzima.

Akaketi sakafuni. Wiki zote zile alikuwa akimulika watu. Tundu hakulimulika hata mara moja.

Alimfuata fundi simu kwake, akamkuta mbele ya nyumba, akitengeneza spika ya jirani. Bwana Kipimo alijua sasa akae upande gani. Akaketi kushoto.

"Siku ile uliponiuliza uzichomeke wapi," alisema, "ulisikia nilikujibu nini?"

Fundi simu alifikiri. "Ulikuwa umenipa mgongo. Nilisikia 'ya juu' tu. Nikadhani umeniruhusu. Niliona aibu kukuuliza tena, si unajua? Ukiuliza mara mbili watu wanaanza kukutazama."

Bwana Kipimo alilia. Watu waliokuwa wakipita walimwona mtu mzima analia karibu na spika inayokoroma, wakaharakisha miguu.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusikia," alijibu yule bwana. Aliendelea kukaza skrubu. Kisha akasema, "Kazini nikirudishwa nitarudi, kwa sababu wanangu wanakula. Lakini kwenye kile chumba tusiingie wawili. Ukimaliza wewe, nitaingia mimi."

Bwana Kipimo alimweleza meneja yote bila kujipunguzia. Akamwomba akusanye watu katika chumba kile kile cha mkutano, naye Mama Pacha aitwe kwa heshima. Alikuja, akasimama karibu na mlango. Bwana Kipimo aliiinua paneli mbovu watu waione, akaeleza habari ya meno na vichwa vya simu. Kisha akaiweka chini.

"Huo ni ubovu wa matundu, nimeshafunga paneli mpya, na simu zina safu yake. Ubovu wangu ni mwingine. Nilimsingizia mke wangu mbele yenu. Mbele yenu nasema: ni mwongo aliyesema, na aliyesema ni mimi."

Meneja naye alikohoa, akasema kwamba alifukuza mtu kwa pupa, na kwamba simu inaweza kuwekewa taa inayowaka badala ya mlio; wiki hiyo fundi simu alirudi kazini. Dada mshonaji alisikia habari zote, akasema kwamba yeye tangu mwanzo hakusema kitu.

Nje kwenye ngazi Bwana Kipimo alimfikia mkewe.

"Mama watoto, turudi nyumbani."

Mama Pacha alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimwuma kuliko hasira. "Nimekusamehe," alisema. "Nimekusamehe kweli, sina kinyongo. Lakini nikirudi, kila nikicheka nitajiuliza unahesabu. Niache kwanza nijifunze kucheka bila kuhesabiwa."

Alipata kazi ya mapokezi kwenye hospitali ile ile ya yule daktari. Mpaka leo anaishi kwa shangazi na wanawe, na Bwana Kipimo huenda kuwaona mwisho wa juma. Wengine wanasema watarudiana, wengine wanakataa. Mimi nitawaeleza jambo moja tu lililotokea.

Jumamosi moja aliwakuta mapacha uani, wamekaa kwenye mkeka, vichwa vimegusana, wananong'onezana kama wafanyavyo watoto wote. Walipokiona kivuli chake waliachana haraka. Na mmoja wao, kabla hajaulizwa lolote, akasema:

"Baba, tulikuwa tunaongea habari za mdoli tu. Kweli, baba. Mwulize mama."

FUNZO

Wazazi wenzangu, wake kwa waume, na ninyi mnaofanya kazi na watu: chombo kikiharibika, kichunguzeni chombo kabla ya kumchunguza mtu. Si kila kinachoingia kinafaa. Kichwa cha simu huingia kwenye tundu la kompyuta kikanasa vizuri kabisa, na huku kinalaza meno ambayo mwenye tundu atayahitaji kesho. Maneno ya dada mshonaji nayo yaliingia kwenye sikio la mdogo wake vivyo hivyo, yakakaa vizuri, kwa kuwa yalikuwa membamba kuliko ukweli.

Shuku si dhambi ikija. Kila mtu hupitiwa nayo. Dhambi ni kuilisha. Anayemshuku mwenzake amwulize, wawili faraghani, uso kwa uso, tena kwa sauti ya kusikika, asimpe mgongo. Anayesikia maneno ya "sisemi kitu" ayaache yaishie mlangoni. Mwenye kasoro ya mwili asilazimishwe na sisi kuificha, kwa maana tukimwonea haya tunamfundisha kusema "sawa" asipokuwa amesikia. Na mwenye kutunza siri ya mnyonge asihukumiwe kwa kunyamaza.

Paneli mbovu hutolewa ikawekwa mpya kwa asubuhi moja. Mtoto aliyejifunza kujitetea kabla ya kuulizwa, mtamwekea nini?